Baba Aliyefungwa Goli la Kwanza

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Habari njema! Redio imetangaza leo kwamba chama cha mpira kinatafuta wazee walioucheza mpira pale ulipoanza hapa nchini. Jumamosi ya tarehe 21 litawekwa jiwe la kumbukumbu nyuma ya karakana ya zamani ya reli, mahali mpira wa kwanza ulipopigwa. Mwenye mzee wake ajitokeze.

Mimi ninaye! Baba yangu mzazi. Alikuwa fundi wa breki pale karakana ujana wake wote. Mpira ulipofika, ndani ya sanduku la spana la mhandisi mgeni, Baba alikuwepo. Alitusimulia sana tukiwa wadogo. Sikuwahi kusikiliza mpaka mwisho, lakini maneno "goli la kwanza" yalikuwemo. Hilo nalikumbuka vizuri.

Kwa hiyo mpango ni huu. Baba ndiye aliyefunga goli la kwanza nchini. Jina lake linachongwa kwenye jiwe. Na mabango yote ya chama, viwanja vyote, milango yote, nachora mimi, mwana wa mfungaji. Nani atathubutu kumpa mchoraji mwingine?

Mke wangu akasema nimuulize Baba kwanza. Ana tabia ya kuharibu mambo kwa maswali.

Tatizo ni moja. Kinyozi, jirani yangu wa kibanda, alikuwa anasikiliza redio ileile. Nilimwona akisimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja. Eti babu yake alikuwa refa wa mechi ile. Refa! Nani anaweka jiwe kwa ajili ya refa? Huyu bwana ananiandama tangu nilipomchorea bango likakosa herufi moja. KINYOZ. Nilijitolea kuliongezea hiyo herufi, akakataa. Anasema watu wanasimama kucheka, halafu wanaingia kunyolewa.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimekwenda kwa dada yangu, ndiko anakokaa Baba. Chumba cha mbele, karibu na dirisha, kwenye kiti chake cha magurudumu. Gurudumu moja limekwama. Niliahidi kulitengeneza. Nitalitengeneza.

Baba amepungua. Shingo imekuwa nyembamba, kola ya shati inamzunguka bila kumgusa. Dada anasema siku hizi hali chakula, anaonja tu. Nikamwambia wazee wote wako hivyo. Akaniangalia, akaendelea kukunja nguo.

Nikamuuliza Baba habari za goli. Balaa!

Hakufunga. ALIFUNGWA! Alikuwa kipa. Goli la kwanza katika historia ya nchi hii lilipita chini ya kwapa la baba yangu mzazi.

Na haoni haya hata kidogo. Anajivuna! "Bila mimi kusimama pale," akasema, "lingekuwa goli gani? Ungekuwa mpira umepita tu." Akacheka mpaka akakohoa. Dada akaleta maji.

Aliyefunga ni rafiki yake waliyemwita Shoto, fundi wa magurudumu, kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Nguzo zilikuwa mapipa mawili ya grisi. Hapakuwa na wavu, kwa hiyo mpira ulikwenda mpaka relini, na Baba akabaki chini kifudifudi. Wenzake wakaangua kicheko. Shoto hakucheka. Alimfuata, akamwinua, akamkung'uta vumbi mgongoni, ndipo akaenda kushangilia.

Kabla ya mvua za mwaka ule, behewa lilijiachia lenyewe kwenye ua wa karakana. Shoto alikuwa kati ya mabehewa mawili. Hakuwa na mke wala mtoto. Walimzika mafundi wenzake, kazi ikaendelea jioni ileile. Baba ndiye aliyeutoa mpira sandukuni tena baada ya msiba, wengine wakikataa kuugusa. Aliona wakiuacha, Shoto atakuwa amekufa mara mbili.

"Siku hiyo ya jiwe," Baba akasema, "atajwe yeye. Mimi inatosha."

Akanitajia jina lake kamili, jina la baba yake, na kijiji alikotoka. Alitaja polepole, mara mbili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu cha udongo. Sikuandika. Nilikuwa nawaza herufi za bango zitakuwa nyekundu au bluu.

Akaomba pia nimpeleke akaone uwanja. Nikasema ataona siku ya sherehe. Akasema kabla ya sherehe, siku hiyo kutakuwa na watu wengi mno. Haya. Nimemwahidi Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimemwona Katibu wa chama! Mtu mnene, mpole, shati limebana vifungo, simu mbili mezani zote zikilia. Nikamweleza kwamba mfungaji yuko hai. Alisimama! Nikaona sasa nimeanza, siwezi kuishia njiani. Nikamwambia alifunga kwa guu la kushoto, kutoka mbali, upepo ukimpiga usoni. Upepo ulikuja wenyewe, sikuupanga.

Katibu amesema atakuja nyumbani kwa dada Jumanne, na mpiga picha, amsikie mzee kwa mdomo wake.

Wakati natoka, nani amekaa kwenye benchi la ukumbini? Kinyozi! Akasema amekuja kumnyoa Katibu. Hakuwa na mkasi, wala mashine, wala taulo. Nikamwambia mimi nimekuja kuangalia rangi ya dari. Sote wawili tukaangalia dari kwa muda. Ina ukungu.

Sikufika kwa Baba. Dada amempigia mke wangu kusema Baba alivaa tangu asubuhi. Viatu vimepigwa rangi, kofia kichwani. Alikaa hivyo mpaka jua likageuka. Hakulalamika, alisema tu mtoto ana kazi.

Nina miaka hamsini na kitu, na mtu pekee anayeniita mtoto ni yeye.

Jumapili nitakwenda bila kukosa.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimekwenda. Si uwanjani, kwa sababu gurudumu bado limekwama na nilisahau spana. Nimekwenda kumfundisha.

Kazi ngumu! Namwambia aseme, "Nilifunga mimi." Anasema, "Nilifungwa mimi." Namwambia tena. Anasema tena vilevile. Nikamweleza kwa upole kwamba ni herufi moja tu, Baba, iondoe hiyo herufi moja, maisha yetu yatabadilika. Akafikiri kwa muda mrefu, nikadhani ameelewa.

"Hiyo herufi," akasema, "ndiyo mimi."

Nikabadilisha mbinu. Nikamwomba basi anyamaze, Katibu akiuliza yeye aitikie kwa kichwa. Akauliza, na Shoto? Nikamwambia Shoto ni marehemu, marehemu hawana wivu. Nilitaka acheke. Hakucheka. Aligeuza uso dirishani, na kwa sababu gurudumu halizunguki, ilibidi ageuze shingo tu, na niliona inamuuma.

Nimetundika bango juu ya mlango wake. NYUMBA YA MFUNGAJI WA GOLI LA KWANZA NCHINI. Nyekundu, kivuli cha bluu. Herufi zote zipo, nimehakiki. Dada akaniuliza kama nimeleta ile dawa ya kikohozi niliyoagizwa. Nitaileta Jumanne.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Siku mbaya kupita kiasi.

Katibu amefika na mpiga picha. Amesoma bango, amelisifu. Nimewaingiza chumbani kwa tambo zote. Baba hayupo!

Kiti hakipo. Kofia haipo. Dada alikuwa ametoka kwenda sokoni. Jirani hajui kitu. Nilitafuta mpaka nyuma ya kabati, sijui nilitegemea nini nyuma ya kabati. Katibu akakaa, akanywa chai, akaangalia saa. Nikamwambia mzee yuko mazoezini. Mpiga picha akacheka puani. Wakaondoka. Watarudi wiki hii wakipata nafasi.

Muda si mrefu nasikia magurudumu. Yanateleza, hayalii hata kidogo. Baba huyo, amenyolewa ndevu, kofia imekaa upande, viatu vimejaa nyasi. Na anayesukuma kiti ni Kinyozi!

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia Kinyozi ameniibia shahidi. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Yeye akajibu kwa sauti ya chini kwamba alikuja kumnyoa mzee, kama anavyokuja kila mwezi (kila mwezi! sikujua), na mzee akamwomba. Gurudumu alilitia mafuta ya mashine ya kunyolea. Likazunguka mara moja.

Wamekwenda uwanjani. Ni ua wa kutupia mabehewa mabovu siku hizi, nyasi zimefika kiunoni. Mapipa hayapo tangu zamani, lakini Baba alipatambua mahali. Aliegesha kiti palepale goli lilipokuwa, akamwamuru Kinyozi asogee nyuma, nyuma zaidi, apige. Hawakuwa na mpira. Kinyozi alikuwa na chungwa.

"Nimelidaka," Baba akaniambia. Alikuwa bado ameshika lile chungwa mapajani, mikono yote miwili. "Leo sikufungwa."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sijawahi kumwona vile, hata siku ya harusi yangu.

Nikamuuliza amemwambia Kinyozi nini. Ndilo swali nililouliza. Nikamwambia pia kwamba ameniharibia kila kitu, na Katibu ni mtu mkubwa, hawezi kuchezewa.

Akasema, "Pole, mwanangu." Akaninyooshea lile chungwa. Nilikuwa nimeshika ngazi ya kurekebisha bango, sikuwa na mkono wa kulipokea.

Dawa ya kikohozi nimesahau.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Dada amekuja kibandani. Hajawahi kufika kibandani kwangu hata siku moja. Nilipomwona amesimama nje, leso mkononi, bila viatu vya kutokea, nilijua.

Baba amefariki. Asubuhi, baada ya chai. Alikuwa dirishani. Dada alikwenda kusuuza kikombe, akarudi, basi.

Nilikuwa nachora herufi G. Niliimalizia. Sijui kwa nini niliimalizia.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Tumemzika.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Wazee wa karakana, waliobaki, walikuja na fimbo zao wakasimama pamoja, wakizungumza kwa sauti za chini kuhusu treni. Viti havikutosha. Vijana walishusha bango langu mlangoni, wakaliweka juu ya matofali likawa benchi. Wazee wanne walikaa juu ya GOLI LA KWANZA. Walipoinuka, mmoja alikuwa na bluu kwenye suruali. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Nilimwomba radhi, akasema si neno, Baba angecheka.

Kinyozi alifunga kibanda siku mbili. Alichimba kaburi zamu ndefu kuliko mtu yeyote, mashine zake mfukoni, maana ndiye aliyemnyoa Baba kwa mara ya mwisho. Nilijisemea anatafuta kusifiwa. Nilijisemea hivyo mara kadhaa. Haikusaidia.

Katibu alituma salamu za rambirambi kupitia mjumbe. Mjumbe akauliza, kwa heshima zote, nani sasa atatoa ushuhuda. Nikasema marehemu aliniachia mimi kila kitu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akasikia. Alinishika kiwiko, akaniketisha, akanipa maji ninywe.

Kofia yake nimeichukua. Ina harufu ya mafuta ya nywele na ya grisi, ingawa grisi aliiacha miaka mingi iliyopita. Nimeivaa kidogo. Hainikai. Kichwa changu ni kikubwa kuliko chake, na sikujua.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nimerudi kazini. Kinyozi amekuja upande wangu wa ukuta, akasimama, akaniomba dakika moja. Nikajua ni fitina.

Akasema habari za babu yake refa ameziacha. Hana uhakika nazo, pengine mzee alikuwa mtazamaji tu. Lakini kuna jambo. Siku ile uwanjani Baba alimtajia jina la mfungaji, jina kamili, na kijiji. Akamwomba litajwe. Kinyozi anaona si vizuri alitaje yeye, mtu wa nje, wakati mtoto wa marehemu yupo. Amekuja kunipa nilitaje mimi.

Nikamwambia asijisumbue, ninalijua.

Silijui!

Nimejitahidi mchana kutwa. Linaanza na M. Au ni kijiji kilichoanza na M. Nimejaribu kukumbuka sauti ya Baba ikilitaja, na sauti inakuja vizuri kabisa, ile ya kukwaruza, ya polepole, inakuja hadi kwenye jina, inanyamaza. Nimeacha kujaribu. Si kwa sababu ya jina.

Ningemuuliza Kinyozi, yuko nyuma ya ukuta wa mbao, namsikia akikohoa. Lakini baada ya kumwambia ninalijua? Atanionaje?

Ningemuuliza dada. Dada atalia. Afadhali angecheka.

Na hata hivyo, mpango haujafa. Nikifika kwenye kipaza sauti, nasema alifunga Baba. Nani atanibishia mwenye msiba?

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Sherehe imefanyika.

Nyasi zimefyekwa. Mahema, viti vya plastiki, jiwe limefunikwa kitambaa cheupe. Mabehewa mabovu wameyaacha palepale, yakawa kama wageni waliowahi. Nilivaa suti. Hotuba yangu ilikuwa kichwani, na upepo wa usoni umo.

Mtu wa kipaza sauti amenikatalia. Anasema hana maelekezo. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mfungaji. Akauliza mfungaji wa nini, wa mahema? Akanipeleka kwa mkubwa wake, nyuma, kwenye jenereta. Mkubwa hasikii vizuri kwa sababu ya kukaa na majenereta. Nikapaza sauti. Naye akapaza. Tukawa tunazozana pale kwa ishara za mikono, na ghafla nikasikia watu wamenyamaza. Umati mzima. Halafu makofi. Hayakuwa ya kushangilia. Yalikuwa ya taratibu, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Nikakimbia. Nilipofika yalikuwa yamekwisha. Kinyozi alikuwa anarudi kukaa, amevua kofia.

Mama mmoja pembeni yangu alinieleza. Katibu aliuliza kama kuna mwenye neno. Wakasubiri, watu wakageuka huku na huku kunitafuta mimi. Nilipokosekana, Kinyozi akasimama. Akamtaja aliyefunga goli la kwanza, jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, na jinsi alivyokufa. Kisha akasema kipa alikuwa fundi wa breki, tuliyemzika wiki iliyopita, na kwamba ni yeye aliyeutoa mpira sandukuni wengine waliposhindwa. Akasema mwanawe ni mchoraji wa mabango, yupo hapahapa.

Nikamuuliza yule mama, aliyefunga anaitwa nani. Akasema jina hakulishika vizuri, lakini lilikuwa jina zuri.

Dada alikuwa analia. Akanishika mkono akauliza, "Umelisikia, kaka?"

Nikasema nimelisikia.

Watu walipokwenda kunywa soda nilibaki. Nilitaka kusimama mahali Baba aliposimama. Nikajaribu karibu na jiwe, nikajaribu karibu na reli. Nyasi zote zimefyekwa sawa. Kinyozi alikuwa anakunja viti hatua chache tu kutoka kwangu, naye anapajua mahali hasa.

Nikaenda kunywa soda.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Usingizi umekuwa shida, lakini asubuhi hii nimeamka na akili timamu. Nimeona makosa yangu yote. Nilichelewa kumfuata Katibu! Ningekwenda siku ileile ya redio.

Na bahati haijaniacha. Shangazi yupo! Mdogo wake Baba, alikuja msibani, bado yuko kwa dada. Nyonga inamsumbua, anarudi kwake Ijumaa asubuhi. Dada anasema Shangazi ananiulizia kila siku. Anataka nikae naye anisimulie Baba alivyokuwa mtoto, kabla ya reli, kabla ya mpira. Anasema kuna mambo amebaki kuyajua yeye peke yake, na akishaondoka hana hakika kama atarudi tena.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Nani alishona jezi ya kwanza nchini? Hakuna anayejua! Hilo suala liko wazi kabisa. Nimempigia Shangazi simu. Anasema hajawahi kushona hata kifungo, na wale vijana walicheza vifua wazi.

Si kitu. Atafundishika.

Leo nakwenda kwa Katibu kumpa habari. Kesho Katibu akikosekana nitamsubiri. Jumatano na Alhamisi nazihitaji kwa maandalizi. Shangazi nitamwona Ijumaa, kituoni, kabla gari lake halijaondoka. Dakika kumi zinatosha.